Mashine Ikigoma na Wewe Umetimiza Wajibu Wako



Mpendwa kijana, leo tutafakari jambo ambalo wengi wetu tunalijua vizuri ila hatulisemi kanisani. Ni ile hali ya kufanya kila kitu ulichotakiwa kufanya, kwa wakati wake na kwa uaminifu, halafu mambo yanagoma. Umesoma, mtihani umekataa. Umepalilia, mvua imekatika. Umeitunza pikipiki kama yai, inakuzimikia katikati ya pori na abiria mgonjwa yuko nyuma yako. Hapo ndipo moyoni linaota swali: sasa utunzaji wangu wote umenisaidia nini?

Nitatumia mfano wa mashine ya kufyekea majani tuliyo nayo sisi vijana wa kigango, huku Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Ni kitu kidogo, lakini kilitufikisha pabaya, na kilitufundisha. Kabla ya kuendelea, chukua Biblia yako usome Luka 5:1-11, kisha 2 Wafalme 6:1-7. Soma taratibu, ukiweza mara mbili.

Mashine yenyewe na kazi yake

Kwa ambaye hajaiona: ni mashine unayoivaa begani kwa mkanda. Nyuma ina injini ndogo, katikati bomba refu, na mbele kisu cha chuma au kamba ya nailoni inayozunguka kwa kasi. Ile ya kamba ilibuniwa mwaka 1971 na George Ballas, mtu wa Houston, Marekani. Alikuwa ameangalia brashi zinazozunguka za mashine ya kuoshea magari, akajiuliza kama majani nayo hayawezi kukatwa kwa kitu kinachozunguka vile. Akachukua kopo la bisi, akalitoboa, akapitisha kamba ya kuvulia samaki. Kamba ya mvuvi! Shika hilo, kwa sababu tutawafikia wavuvi hivi punde.

Huku kwetu kazi yake kubwa si bustani za maua. Ni mikorosho. Korosho haichumwi juu ya mti. Ikikomaa inadondoka pamoja na bibo lake, unaiokota chini. Shamba likiwa na majani marefu, korosho inajificha. Unaokota nusu, nyingine inalala kwenye unyevu na kupoteza ubora, na ubora ndio unaoamua daraja lake ghalani kabla ya mnada wa RUNALI. Majani makavu nayo ni chakula cha moto. Mtu mmoja akiwinda panya jirani, mikorosho ya miaka ishirini inateketea mchana mmoja. Kwa hiyo kabla korosho hazijaanza kuanguka, lazima shamba lifyekwe.

Vijana tulichangishana, tukanunua mashine. Mpango wetu ulikuwa hivi: uwanja wa kigango tunafyeka bure, mashamba ya wazee na wajane wa jumuiya zetu tunafyeka kwa gharama ya petroli tu, mashamba ya wengine kwa malipo, na pesa inaingia mfuko wa vijana. Mfuko huo unawalipia nauli ya kongamano wenzetu wasio na uwezo, na unasaidia mwenzetu akiuguliwa. Mimi nikakabidhiwa kuitunza.

Tulivyoitunza

Naeleza hili kwa kirefu kidogo kwa sababu somo letu lote linategemea hapa.

Injini hizi hazina oili inayokaa ndani kama ya pikipiki. Oili inachanganywa kwenye petroli yenyewe. Kitabu cha mashine yetu kilisema oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Nilikuwa napima kwa kikombe chenye alama, sio kwa macho. Petroli nilinunua kituoni, sio ya chupa za barabarani, na nilichuja kwa kitambaa safi. Filta ya hewa nilisafisha kila jioni, maana vumbi la kiangazi cha huku mnalijua. Plagi nilifungua na kusugua. Grisi kwenye giriboksi ya mbele niliongeza kwa wakati. Msimu ukiisha nilimwaga petroli yote, nikaiwasha injini mpaka ikazima yenyewe, ili mafuta yasigande ndani ya kabureta. Kila kitu niliandika kwenye daftari: tarehe, lita, saa za kazi, aliyeitumia.

Yaani kiukweli, hata fundi alipoifungua alisema hajawahi kuona ya kikundi iliyo safi kiasi kile. Mali ya wote mara nyingi huwa mali ya hakuna. Hii haikuwa hivyo.

Ilivyogoma

Ikawa mwezi wa nane, kazi zimejaa. Asubuhi mashine inawaka kwa mvuto wa pili. Inakata vizuri kama dakika ishirini. Halafu inazima ghafla, kama mtu aliyezima swichi. Unavuta kamba mpaka bega linauma, kimya. Unailaza kivulini nusu saa, unaivuta tena, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Dakika ishirini nyingine, kimya tena.

Fundi wa kwanza alifungua kabureta, akaosha, akachukua pesa yake. Ilifanya kazi siku moja. Fundi wa pili alibadilisha plagi. Ilifanya kazi nusu siku. Mteja mmoja aliyekuwa ametanguliza malipo akaanza kudai pesa yake. Na palikuwa na mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, mwenye ekari mbili za mikorosho zinazosomesha watoto, ambaye tulikuwa tumemwahidi kabisa. Alikuwa hatudai kwa maneno. Alikuwa anatusalimia tu baada ya ibada, anauliza, "Wanangu, lini?" Hiyo iliuma kuliko mteja.

Maneno yalipoanza

Hapo ndipo tatizo likahama kutoka kwenye injini likaingia kwa watu.

Kwenye kikao, mwenzetu mmoja akasema wazi kwamba anayeitunza mashine anauza petroli na kujazia mafuta ya taa. Anayeitunza ni mimi. Mwingine akasema, "Hii si bure, bana. Mashine safi hivi haiwezi kuzima-zima. Kuna mtu katia mkono." Akapendekeza watu wawili waende kwa mtaalamu wa kijiji kingine, "atuangalizie tu, hatufanyi kitu." Na kabla kikao hakijaisha, minong'ono ilishataja bibi mmoja ambaye siku za nyuma alilalamika kwamba kelele za mashine zinamnyima usingizi wa mchana.

Kijana mwenzangu, simama hapo kidogo. Kikundi cha vijana Wakatoliki, ndani ya uwanja wa kanisa, tunakaribia kumtaja bibi kizee kuwa mchawi kwa sababu injini inazima ikipata joto. Nchi hii ina makaburi ya vikongwe waliouawa kwa maneno yaliyoanza hivyo hivyo, kama maneno tu. Hakuna aliyeanza kwa kushika panga. Walianza kwa kuuliza "ni nani?"

Kwanza ujiulize kwa ukweli

Kabla hatujaingia kwenye Maandiko, kuna swali moja la haki. Je, ni kweli nimetimiza wajibu wangu? Kwa sababu si kila kinachogoma ni msalaba. Mengine ni matunda ya haraka zetu na uzembe wetu, halafu tunamsingizia Mungu au jirani.

Majirani zetu wa Nachingwea wana kumbukumbu kubwa ya jambo hili. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta na matingatinga, mengi yakiwa mitumba iliyobaki vitani. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuja Nachingwea. Lakini walikimbilia kufyeka kabla ya kupima vya kutosha udongo na mvua. Visiki na mizizi vilivunja mashine. Udongo wa Kongwa kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Spea hazikutosha, mafundi hawakutosha. Januari 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameshapotea.

Pale hakukuwa na mkono wa mtu. Kulikuwa na haraka na kutokupima. Basi ukigomewa, anzia hapo. Fungua daftari lako. Kama kuna ulichoacha, rekebisha, kaungame kama ni dhambi, endelea. Daftari la mashine yetu lilipitiwa kikaoni ukurasa kwa ukurasa, lita kwa lita, na hesabu ilikubali. Kumbe inawezekana mtu ukafanya kila kitu na bado. Sasa tuje kwenye "na bado" hiyo.

Nyavu zilizooshwa

Katika Luka 5, tunapenda kukimbilia muujiza wa samaki wengi. Rudi mstari wa 2. Yesu anafika ziwani, anakuta wavuvi wameshuka mashuani wanaosha nyavu zao. Halafu mstari wa 5 Simoni anamwambia kwamba usiku kucha wametaabika na hawakupata kitu.

Unganisha mistari hiyo miwili. Watu hawa wamekesha, wametoka kapa, wamechoka, na bado wanaosha nyavu. Nyavu za zamani zilitengenezwa kwa nyuzi za kitani. Usipoziosha na kuzianika zinaoza. Kwa hiyo kuosha nyavu ilikuwa ni matengenezo, kama mimi na filta yangu ya hewa. Ila fikiria ugumu wake: kuosha nyavu zenye samaki kuna raha, kuosha nyavu zilizokugomea kunataka imani. Wewe je, ungeosha? Wengi wetu tungezitupa pale mchangani na kusema, "Za nini?"

Sasa Yesu aliposema tweka mpaka kilindini, nyavu zilikuwa tayari. Utunzaji wao haukuleta samaki. Samaki walikuja kwa neno la Bwana. Lakini neno la Bwana liliwakuta watu wenye nyavu safi. Hapo ndipo pa utunzaji katika maisha ya Mkristo. Mungu hafungwi nao kama mkataba. Sisi ndio unaotuweka tayari.

Na kuna jambo jingine ambalo huwa tunalipita. Mstari wa 6 unasema nyavu zilianza kukatika. Nyavu zilezile zilizooshwa! Hata siku ya muujiza, chombo kilichotunzwa vizuri kilizidiwa. Simoni alifanya nini? Hakumtafuta aliyeziroga nyavu. Mstari wa 7, waliwapungia mkono wenzao wa mashua nyingine waje kusaidia. Chombo kikizidiwa, ita wenzako.

Elisha aliuliza "wapi"

Nenda 2 Wafalme 6. Wanafunzi wa manabii wanakata miti kando ya Yordani. Mmoja shoka lake linachomoka, linazama majini. Analia, na kinachomliza zaidi ni kwamba shoka lile ni la kuazima. Anayejua kushika mali ya wengine atamwelewa.

Angalia swali la Elisha. Hakuuliza, "Nani anakuonea wivu?" Hakuuliza, "Shoka umeliuza?" Aliuliza limeanguka wapi. Mtu wa Mungu aliyejaa Roho, ambaye angeweza kutoa unabii wowote, alianza na swali la fundi: tatizo liko wapi, nionyeshe mahali. Muujiza ulifuata baada ya kuonyeshwa mahali.

Sisi tulianza na "nani". Kila tunapoanza na "nani" kabla ya "wapi", tunaingia kwenye dhambi mbili ambazo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inazitaja waziwazi. Namba 2477 inazungumzia hukumu ya haraka: kumwona mwenzako ana kosa bila msingi wa kutosha, hata kama umelisema moyoni tu. Na namba 2116 na 2117 zinakataa ramli na uganga wa namna zote. Ile lugha ya "atuangalizie tu" haipo kwenye Katekisimu. Kuangaliziwa ndiyo dhambi yenyewe.

Mwalimu wetu katekista alilimaliza kwa maneno machache kikaoni. Alisema, "Anayetaka kwenda kwa mganga, kwanza atuambie hapa atafanyaje mganga akimtajia mama yake mzazi." Kimya kikatanda. Hakuna aliyekwenda.

Vishawishi vitatu vya mtu aliyegomewa

Kishawishi cha kwanza ni kuacha wajibu. Unasema: nimetunza na imegoma, basi sitatunza tena. Mtakatifu Benedikto, ambaye wanawe Wabenediktini wako jirani zetu Ndanda tangu mwaka 1906, ana dawa ya hapa. Katika Kanuni yake, sura ya 31, anamtaka msimamizi wa mali za monasteri aviangalie vyombo vyote vya kazi kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe na kalisi, heshima moja. Tunaisafisha kalisi kwa sababu ya Yule tunayemtumikia, hatuisafishi ili itulipe. Ukilielewa hili, utasafisha filta hata ya mashine inayokukera.

Kishawishi cha pili ni kutafuta mkosaji. Nimeshakisema. Nitaongeza tu kwamba mimi niliyesingiziwa nilikuwa na kishawishi changu pia: nilitamani kutupa daftari mezani, nikabidhi mashine na nisirudi tena kikundini. Kusingiziwa kunauma. Lakini mtu akijibu hukumu ya haraka kwa kisirani, kikundi kinapoteza watu wawili, msingiziaji na msingiziwa. Niliomba neema ya kukaa kwenye kiti changu mpaka kikao kiishe. Nilipewa hiyo tu, ikatosha.

Kishawishi cha tatu kimejificha zaidi: kufanya biashara na Mungu. "Mimi sikosi jumuiya, nasali rozari, petroli siibi, sasa mbona Wewe hutimizi upande wako?" Hivi ndivyo marafiki wa Ayubu walivyofikiri, ila wao waligeuza upande wa pili: umeumia, basi lazima umekosa. Pande zote mbili zinamfanya Mungu kuwa mashine: unaweka petroli ya sala, unavuta kamba, baraka inawaka. Mungu wetu ni Baba. Mtoto wa Baba hulalamika, hata analia, kama Ayubu alivyolia, ila hamwachi Baba.

Tulichofanya

Sala bila kazi ni uvivu uliovaa rozari, kwa hiyo tulirudi kwenye injini tukiwa na swali la Elisha. Tulimpata fundi mzee, mtu mwenye subira. Hakugusa bisibisi. Alisema, "Iwasheni, ifanye kazi mpaka izime, ndipo mniite."

Ilipozima ikiwa bado ya moto, alisogeza dumu la petroli mbali kabisa, akafungua kofia ya tangi akasikiliza. Kama hewa ingeingia kwa mlio na mashine ikawaka, tatizo lingekuwa tundu la kupumulia la tangi limeziba. Haikuwaka. Akafungua plagi, akairudisha kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akasema vuta. Hakuna cheche. Tukasubiri nusu saa ipoe, akarudia. Cheche ya buluu, safi kabisa.

Ni koili, akasema. Ndani yake kuna waya mwembamba mno wa shaba. Ukiwa na ufa mdogo, joto linautanua, umeme unakatika. Ukipoa, unagusana tena. Na koili hiyo imefunikwa yote, haina mahali pa kuosha wala kutia grisi. Hakuna utunzaji wa mkono wa mtu unaoifikia. Unaweza kuwa mwaminifu katika yote yaliyo mkononi mwako, na kinachokuangusha kikawa mahali ambapo mkono wako haufiki. Kulijua hilo kulimwondoa bibi yule midomoni mwa watu, na kukaniondoa na mimi.

Koili iliagizwa Dar es Salaam. Lakini korosho hazisubiri spea. Tulifanya kama Simoni, tukaita wenzetu wa mashua nyingine: tukawaomba vijana wa jumuiya zote waje na mafyekeo. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa kumi na watatu kwenye shamba la yule mama. Wengine mikono ilitoka malengelenge. Yule aliyenisingizia alichukua mstari wa pembeni yangu, na tulipofika katikati ya shamba alisema, "Nilikosea kusema vile, ndugu yangu." Nikamwambia yamekwisha, tuendelee, jua linapanda. Zilizobaki tulimaliza Jumapili mchana baada ya ibada, baada ya kuridhiana na katekista kwamba hii ni kazi ya huruma. Mama aliokota korosho zake kwenye shamba safi.

Ningependa kukuambia kwamba mashine sasa ni nzima. Hapana. Koili ilipofika ilifanya kazi vizuri, halafu mwezi wa kumi na moja ikaanza ugonjwa mwingine. Fundi anasema sili za krenki zimekauka, zinavuta hewa. Mpaka ninapoandika haya haiaminiki. Kwa hiyo tumejifunza kuishi nayo. Hatuchukui malipo yote mbele. Tukienda shambani na mashine, mafyekeo mawili yanakwenda pia. Tunamwahidi mtu kwamba tutakuja, hatumwahidi kwamba mashine itawaka. Na kila jioni filta ya hewa bado inasafishwa.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba teknolojia ni mshirika wa mwanadamu katika kazi, ila inaweza pia kugeuka kuwa kama adui yake. Sisi tumeviona vyote viwili kwenye mashine moja. Ilikuwa mshirika ilipofyeka, na ikakaribia kuwa adui tulipoipenda kuliko bibi wa jirani.

Maswali ya kujitafakari (binafsi au kikundini)

1. Ni jambo gani maishani mwangu nimelitunza kwa uaminifu na bado linagoma? Nimemweleza Mungu wazi, au namnunia?
2. Mara ya mwisho mambo yalipoharibika, niliuliza "wapi" au "nani"?
3. Kuna mtu niliyemtaja vibaya bila ushahidi? Nitamwendea lini?
4. "Nyavu" zangu ni zipi ambazo nimeacha kuziosha kwa sababu ya usiku mmoja wa kutoka kapa?
5. Nikizidiwa, nina watu wa mashua nyingine wa kuwapungia mkono? Na mimi huwa naitika nikipungiwa?

Azimio la wiki

Chagua chombo kimoja unachokitumia pamoja na wengine: baiskeli ya familia, spika ya kwaya, jembe la nyumbani. Kisafishe wiki hii bila kuambiwa, na ukiwa unakisafisha sali Baba Yetu mmoja kwa ajili ya kila anayekitumia.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeshika msumeno na randa katika nyumba ya Nazareti, Wewe unajua uchovu wa mtu ambaye kazi imemgomea. Utupe uaminifu katika yaliyo mikononi mwetu, na amani katika yale ambayo mikono yetu haifiki. Ulinde vinywa vyetu visimtaje jirani kwa ubaya. Tukizidiwa, tukumbushe kuwaita wenzetu. Wenzetu wakizidiwa, tufanye wepesi wa kuitika. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Mtakatifu Isidori Mkulima, utuombee. Mtakatifu Benedikto, utuombee. Amina.

Tuombeane, vijana wenzangu. Na kama una mashine, mtihani, ndoa au biashara inayogoma wiki hii, kesho asubuhi osha nyavu zako, kisha umsikilize Bwana anasemaje.